Kabla hujakubali apdeti ya programu ya kuchoma DVD

Kila asubuhi nikiwasha kompyuta, kidirisha kilikuwa kinajitokeza pale kwenye kona: toleo jipya lipo tayari. Wakati huo nilikuwa nachoma DVD za harusi na maulidi hapa Tanga kwa programu moja niliyoizoea miaka mingi. Ilikuwa inafunguka hata sijamaliza kutoa diski kwenye kopo lake. Sikuwa na shida nayo yoyote, lakini siku moja nikakubali.

Programu ya zamani ilikuwa MB 40 na ushee. Mpya ilikaribia MB 400, ikamaliza bando langu lote la wiki. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya kuhariri video, ya kupanga picha, ya kupiga muziki, hata ya kuchora majalada. Mimi nilitaka jambo moja tu: video iingie kwenye diski, mama wa bibi harusi aitie kwenye deki yake, aitazame na majirani. Kitufe cha kuchoma nilikipata baada ya kupita kurasa tatu. Mashine yangu ya RAM GB 2 ikaanza kujikokota, maana vipande vya programu ile vilikuwa vinajiwasha vyenyewe pamoja na Windows.

Nikaiondoa. Nilipowasha upya, draivu ya DVD haikuonekana tena. Taa yake inawaka, trei inatoka na kurudi, lakini Windows haiioni, na kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, imewekewa alama ya mshangao ya njano. Nilijua imekufa, nikaanza kuulizia bei ya nyingine. Kumbe haikuwa na ubovu wowote. Programu nyingi za kuchoma hupachika vijiprogramu vyao kati ya Windows na draivu. Ukiiondoa programu, mara nyingine majina ya vijiprogramu hivyo hubaki kwenye rejista, yaani pale Windows inapotunza mipangilio yake, katika maingizo mawili yanayoitwa UpperFilters na LowerFilters, na Windows inaendelea kuvitafuta wakati havipo tena. Nilihifadhi kwanza nakala ya rejista, nikayafuta maingizo hayo kwenye sehemu ya draivu za CD na DVD peke yake, nikawasha upya. Ikarudi. Lakini kazi ya harusi ya Jumamosi niliikabidhi Jumatano, na mteja alikuwa na haki ya kukasirika.

Ndiyo maana mtu akiniuliza leo kama abadilishe, namuuliza: programu yako imeshindwa nini? Kama umehamia Windows mpya na ya zamani imegoma kufunguka, badilisha. Kama umenunua draivu ya Blu-ray ili uandike diski za GB 25 na programu yako inaishia kwenye DVD, badilisha. Zaidi ya hapo iache ilivyo.

Na pengine huhitaji kununua kitu. Kwa kuhifadhi mafaili tu, Windows inachoma CD yenyewe tangu XP ya mwaka 2001, na tangu Windows 7 faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, unalibofya kwa kitufe cha kulia, unachagua kuchoma, basi. DVD ya kuchezwa kwenye deki ni kazi nyingine, kwa sababu deki nyingi za zamani zinatafuta folda iitwayo VIDEO_TS. Folda hiyo naitengeneza kwenye programu ya kuhariri, kisha naichoma kwa ImgBurn, ambayo ni ya bure na nyepesi. Toleo lake la 2.5.8.0 ni la mwaka 2013 na linanitosha mpaka leo. Ila unaposakinisha programu yoyote ya bure, soma kila ukurasa, na uondoe tiki kwenye vitu ambavyo hukuviomba.

Mtu asikuambie kwamba toleo jipya litaongeza nafasi. DVD ya GB 4.7 kompyuta itakuonyesha takriban 4.38, na hakuna apdeti ya kubadili hilo. Ubora nao unategemea zaidi diski na kasi. Diski zangu zimeandikwa kasi ya 16x juu yake, mimi nachoma kwa 8x, halafu naiacha programu ihakiki mwanzo hadi mwisho. Ikimaliza, naigeuza diski kwenye mwanga wa dirisha. Uchomaji huanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo sehemu iliyoandikwa unaiona kama pete yenye rangi iliyokoza kidogo. Pete ikiwa na michirizi au mabaka, diski hiyo simpi mteja.

Faili la kusakinishia programu ninayoitumia nimeliweka kwenye flashi mbili, moja kwenye droo ya studio, nyingine nyumbani.