Kabla hujaenda ugenini Madison

Alhamisi moja ya Oktoba 2023, natoka zamu ya usiku, nikakuta ujumbe wa sauti kwenye simu. Alikuwa kijana wa jirani zangu hapa Coralville, Iowa, familia iliyotoka Lubumbashi. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na mapenzi ya timu yalikuwa yamemwingia kama homa. "Yaya, uniambie kweli, siku ya posho tutashinda?"

Yaya kwao ni ndugu mkubwa, na siku ya posho ni Jumamosi. Na Jumamosi hiyo Hawkeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani (si soka) ya Chuo Kikuu cha Iowa, walikuwa wanakwenda Madison kucheza na Badgers wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwenye uwanja wao wa nyumbani, Camp Randall.

Nilimwelewa. Wiki tatu nyuma tulikuwa tumekwenda ugenini Penn State, kwenye uwanja unaobeba watu zaidi ya 100,000, tukafungwa 31-0. Mchezo mzima timu yetu ilisogea yadi 76 tu. Wasiofuatilia mchezo huu wajue kwamba timu inayoshambulia hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, ikifaulu inapewa mengine 4. Uwanja una yadi 100. Yadi 76 kwa saa zote zile ni sawa na kwenda kisimani kutwa na kurudi na kikombe. Tangu hapo tulishinda michezo miwili ya nyumbani, lakini kwa bei kubwa, maana kwotabeki wetu (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), Cade McNamara, aliumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Aliyeingia badala yake, Deacon Hill, alikuwa amehamia kwetu kutoka Wisconsin kulekule.

Kumdanganya sikutaka. Kumkatisha tamaa sikutaka vilevile. Nilichomjibu siku ile ndicho ninachowaandikia leo ninyi wenzangu mnaozungumza Kiswahili katika miji ya vyuo huku Marekani, mlioanza kuipenda michezo hii na kila mwaka mnauona moyo ukipanda na kushuka mara timu inapotoka nyumbani.

Kwanza, acheni tumaini la sare. Mimi nimekulia Mwanza, na shabiki wa soka wa kwetu anajua kuomba kwa adabu. Timu ikienda kucheza kwa watu unasema, "Mungu atujalie hata sare." Ni dua nzuri, ina unyenyekevu ndani yake, na kwenye ligi inakupa pointi moja ya kurudi nayo. Huku haipo. Tangu 1996 futiboli ya vyuo haina sare. Muda ukiisha mkiwa sawa, kila timu inapewa mpira kwenye yadi ya 25 ya mwenzake, mnashambuliana kwa zamu mpaka mmoja aanguke. Michezo ya msimu wa kawaida nayo ni 12 tu. Kwa hiyo shabiki aliyezoea kujificha ndani ya sare anajikuta hana pa kusimama: ni kushinda au kushindwa, na nafasi ni chache. Nimeona watu wazima wakishindwa kula Ijumaa usiku kwa sababu hiyo.

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo mwaka 2019. Ilikuwa Novemba, safari yangu ya kwanza Madison. Niliingia Camp Randall na tumaini moja tu kubwa, ushindi, na nikalishika kwa mikono miwili. Tatizo la tumaini la namna hiyo ni kwamba halina mahali pa kupumzika kwa saa tatu na zaidi. Jonathan Taylor wa Badgers alikimbia na mpira yadi 250 mbele ya macho yangu. Kila alipopita ukuta wetu nilihisi safari nzima imekwenda bure. Halafu mwishoni tukarudi. Tyrone Tracy alidaka mpira akatoka nao mbio, yadi 75, tachidauni, yaani mpira umefika mwisho wa uwanja, na ubao ukasoma 24-22. Tulihitaji pointi 2 za nyongeza tusawazishe. Unapewa jaribio moja, yadi 3 tu kutoka mstari wa mwisho. Kwotabeki wetu, Nate Stanley, aliamua kukimbia nao mwenyewe. Wakamzuia kabla hajafika.

Nilikaa kwenye benchi baridi la bati, sikumbuki nani alikuwa kulia kwangu wala kushoto. Nyumbani nilifika usiku sana na siku mbili nzima sikuwa mtu wa kuongea naye. Jambo ninalolijutia hadi leo ni kwamba nilikuwa nimeshuhudia mojawapo ya mbio nzuri kabisa za timu yangu, nikiwa pale pale, na sikuifurahia hata kidogo, kwa sababu haikuwa lile jambo moja nililoliomba.

Kwa hiyo yule kijana nilimwambia hivi: "Mdogo wangu, usiombe ushindi. Chukua karatasi uandike mambo matatu ambayo timu hii kweli inayaweza. Hayo ndiyo uyaombe."

Nilimfundisha pia kuujua uwanja wa ugenini unavyofanya kazi, maana hofu ya usichokielewa ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Watu hudhani mashabiki wa nyumbani hupiga kelele muda wote. Hapana. Timu yao ikiwa na mpira wao hutulia, wachezaji wao wasikilizane. Kelele huja mgeni anaposhika mpira. Kwotabeki wa wageni ana sekunde 40 za kupanga shambulio na kuwaeleza wenzake 10, na wakati huo hata yeye mwenyewe hajisikii. Mchezaji mmoja akishtuka na kuanza kabla ya mpira kutoka, ni adhabu ya yadi 5. Yadi 5 si nyingi, lakini zinaongezwa kwenye zile yadi 10 unazodaiwa. Zikiongezeka mara mbili tatu, shambulio limekufa bila mpinzani kukugusa.

Ndiyo maana timu iliyojiandaa huhama kutoka kwenye sauti na kwenda kwenye mikono. Ukiwa juu jukwaani, mtazame yule mnene aliyeinama katikati, anayeutoa mpira. Jirani yake hugeuza kichwa nyuma, humtazama kwotabeki, kisha humgusa mwenzake. Mguso tu. Mpira unatoka, wote 11 wanaondoka pamoja katikati ya makelele ambayo wewe juu umeziba masikio. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nywele zilinisimama. Watu kumi na mmoja wanaelewana kwa kugusana begani. Tangu hapo jambo la kwanza kwenye karatasi yangu ya ugenini halibadiliki: wasianze mapema, hasa robo ya kwanza. Timu ikiivuka robo ya kwanza bila adhabu hizo, uwanja wenyewe huanza kuchoka koo.

La pili mwaka ule wa 2023 lilikuwa mguu wa Tory Taylor. Huyu ni Mwaustralia aliyekuja Iowa kwa kazi moja, kuupiga mpira mbali pale majaribio yetu yanapoisha. Kwa wengi hiyo ni sehemu ya mchezo ya kwenda kununua soda. Sisi wa Iowa husimama. Timu isiyofunga sana inaishi kwa kumsukuma adui akaanzie mbali, na Kirk Ferentz, kocha wetu tangu msimu wa 1999, amejenga miaka yote hiyo juu ya jambo hilo: ulinzi, mguu, na kungoja mwenzako akosee. Wanaotucheka kwa hilo nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kuna uzuri mkubwa katika kumwona mpinzani akianza tena na tena kwenye mstari wake mwenyewe wa nyuma, mpaka anakata tamaa.

La tatu aliliandika yeye: "Walinzi wasimpe mtu mbio ndefu."

Tuliondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Ni mwendo wa kama saa tatu. Unapita Cedar Rapids, unashika barabara ya 151 hadi Dubuque, unauvuka mto Mississippi, kisha vilima vya Wisconsin na mabanda yake ya ng'ombe mpaka Madison. Mama yake alitufungia chapati na mayai ya kuchemsha. Kuleni garini kabla ya kushuka, maana viwanja vingi havikubali chakula cha nje, na begi lisilo la plastiki inayoonyesha ndani linarudishwa mlangoni. Kwenye maegesho wenyeji huchoma soseji tangu asubuhi na hukaribisha hata mgeni aliyevaa rangi za adui. Kama hamli nguruwe, ulizeni kwanza. Nyingi ni za nguruwe. Hawaudhiki kuulizwa.

Mchezo wenyewe ulikuwa mgumu, wa kukaza meno. Hill alirusha mpira kwa jumla ya yadi 37 tu. Timu nyingine ingekuwa imezikwa. Lakini Leshon Williams alipata upenyo mmoja akakimbia yadi 82 hadi mwisho, na Tory Taylor aliupiga mpira mara 10 kwa jumla ya yadi 506. Kila alipoupiga kijana alinishika mkono wa koti tukautazama ukipanda. Mpira ukipigwa vile unakaa hewani mpaka unadhani umesahauliwa huko. Watu wa jukwaa letu la wageni, pale pembeni kabisa, walishangilia kama vile kila mmoja ulikuwa tachidauni, na kijana naye, karatasi mkononi. Ushindi hakuutaja. Tulishinda 15-6.

Jambo moja siku ile lilinifanya nimvute karibu nimseme. Kwotabeki wa Badgers, Tanner Mordecai, aliumia mkono akatoka. Kuna watu nyuma yetu walipiga makofi. Kijana naye alianza kuinua mikono. Nikamwambia hapana, hilo haliombwi wala halishangiliwi, yule ni mwanafunzi kama wewe na ana mama yake. Goti la McNamara lilikuwa na wiki mbili tu. Akashusha mikono, na akabaki kimya hadi Mordecai alipoingia ndani. Ukienda ugenini na mdogo wako, hili mwambie kabla hamjatoka nyumbani, usingoje litokee.

Kabla ya robo ya mwisho jiandaeni pia kwa kuruka. Tangu 1998 pale Camp Randall, robo ya tatu ikiisha, muziki unawekwa na uwanja mzima unaruka kwa pamoja, na benchi ulilokalia linatikisika chini yako. Wageni wengine hukaa wamekunja mikono kwa hasira. Sioni sababu. Hapo hakuna anayecheza mpira, hakuna pointi inayohesabiwa. Tuliruka nao. Na mchezo ukiisha msikimbilie garini, hata mkifungwa. Bendi ya wenyeji hubaki ikipiga, washinde wasishinde, na barabara zote za kutokea zimejaa hata hivyo. Mzee mmoja aliyevaa nyekundu, wa jukwaa la jirani, alikuja kutupa mkono akauliza tunazungumza lugha gani. Kijana akamwambia, Kiswahili. Mzee akarudia neno hilo polepole mara mbili, akasema mwaka ujao yeye ndiye atakayekuja kwetu.

Sasa mtauliza, na kama tungefungwa? Nimefikiri sana juu ya hilo, kwa sababu ushauri unaofanya kazi siku ya ushindi peke yake si ushauri. Jibu nililipata Jumamosi iliyofuata, tena nyumbani, tulipofungwa na Minnesota 12-10. Cooper DeJean alikuwa ameurudisha mpira hadi mwisho dakika za mwisho kabisa, uwanja ukalipuka, halafu waamuzi wakaufuta kwa kusema mkono wake ulitoa ishara isiyoruhusiwa kabla hajaudaka. Uchungu wake bado ninao. Kijana alilia pale pale. Lakini usiku alinipigia simu tukakaa nusu saa tukiongea habari za walinzi, walivyosimama, nani alimkaba nani. Mwaka 2019 mimi sikuweza kuongea na mtu kwa siku mbili. Yeye, akiwa na miaka 19, aliweza usiku uleule, kwa sababu alikuwa na mambo mengine mkononi zaidi ya matokeo.

Oktoba 2025 tulirudi Madison. Safari hii ndiye aliyeendesha gari, na mama yake alikuja nasi kwa mara ya kwanza. Wasiwasi ulikuwepo, maana mchezo wetu wa mwisho tulikuwa tumefungwa na Indiana nyumbani na kwotabeki Mark Gronowski akaumia. Tulipofika Dubuque, juu ya daraja, kijana alinipa karatasi kutoka mfukoni nisome. La kwanza, wasianze mapema robo ya kwanza. La pili, Gronowski asimame mpaka mwisho. Siku hiyo tulishinda 37-0, ushindi ambao hata kwenye ndoto zetu hatukuuandika.

La tatu lilikuwa: mama asipate baridi. Tulibeba mablanketi mawili, na moja halikutosha kumfunika miguu, kwa hiyo nikampa na langu.