Wasomaji Wauliza: Kati ya Uingereza na Marekani

Maswali ya toleo hili karibu yote yametoka kwa watu wanaohama, wanaosoma au wenye ndugu katika nchi hizi mbili. Tumeyafupisha machache.

SWALI: Mhariri, nahama kutoka Leeds kwenda Boston kimasomo. Nina birika la umeme, draya ya nywele, chaja za simu na kompyuta, na saa ya mezani ya kuchomeka. Nikinunua adapta za plagi zitatosha?

JIBU: Adapta hubadilisha umbo la meno ya plagi tu. Umeme unaopita ni uleule wa ukutani: Uingereza volti 230 na hezi 50 (mapigo ya umeme kwa sekunde), Marekani volti 120 na hezi 60. Kabla ya kufunga begi, geuza kila kifaa usome maandishi madogo ya chini yake. Chaja iliyoandikwa "100–240V, 50/60Hz" ichukue. Hiyo adapta inaitosha.

Birika liache. La Uingereza kwa kawaida ni la wati 3,000, na lita moja ya maji ya bomba huchemka kwa dakika mbili hivi. Ukilichomeka Boston halitaungua, ila volti zikipungua nusu, mkondo nao hupungua nusu, na nguvu inabaki robo tu: wati 800 hivi. Utangoja zaidi ya dakika saba. Usidanganywe ununue transfoma. Soketi ya kawaida ya Marekani ni ya ampea 15, yaani mwisho wake ni wati 1,800. Transfoma haiwezi kuzaa nguvu ambayo soketi haina. Nunua birika la huko la wati 1,500, ujue maji ya chai yatachukua dakika nne.

Draya itazame vizuri. Baadhi zina swichi ndogo ya kuchagua volti, ya kuzungushwa kwa sarafu au bisibisi. Izungushe kabla ya kuchomeka, si baada. Isiyo na swichi itapuliza hewa ya uvuguvugu tu.

Hatari kubwa iko kwa anayekwenda upande wa pili. Birika la Marekani la wati 1,500 likiunganishwa na umeme wa Uingereza litavuta wati 5,500 hivi, karibu ampea 24. Watu hutegemea fyuzi iliyo ndani ya plagi ya Uingereza iwaokoe, lakini fyuzi ya ampea 13 inaweza kustahimili mzigo huo kwa dakika kadhaa kabla ya kukatika, na ndani ya dakika hizo birika limeshaharibika au limeshika moto. Msijaribu.

Saa yako, kama ni ya mota inayofuata mapigo ya umeme, itakwenda mbio huko: kila saa moja itakuongezea dakika 12. Transfoma hairekebishi hilo kwa sababu hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Mashine za zamani za kuchezea santuri zina tatizo hilohilo.

SWALI: Nilinunua Cadbury New Jersey, ladha yake si ile ninayoijua. Ni feki?

JIBU: Si feki. Tangu 1988 chokoleti ya Cadbury ya soko la Marekani hutengenezwa na kampuni ya Hershey kwa leseni, kwa mapishi yake na maziwa yake. Sheria nazo zinatofautiana. Uingereza inaruhusu mafuta mengine ya mimea hadi asilimia 5 ndani ya chokoleti. Marekani ukiyaweka, huruhusiwi kuiita chokoleti. Watu hupenda kulinganisha kiwango cha chini cha kakao katika chokoleti ya maziwa, asilimia 10 Marekani na 20 au 25 Uingereza, lakini hesabu hizo hazilingani: Marekani hupima kakao iliyosagwa peke yake, Uingereza hujumlisha pia siagi ya kakao iliyoongezwa. Msihukumu kwa namba hizo.

Kupata ile ya Uingereza kumekuwa kugumu tangu 2015, Hershey ilipofikia makubaliano na waagizaji waache kuiingiza. Mkiagiziana kwa jina, jihadharini: Milky Way ya Marekani inakaribia zaidi Mars ya Uingereza, na Smarties za Marekani ni vidonge vya sukari visivyo na chokoleti hata chembe.

SWALI: Nafuata mapishi ya Kimarekani nikiwa Birmingham. Keki inatoka nzito na krimu inakatika.

JIBU: Mengi huharibikia kwenye kipimo. Kikombe cha Marekani ni mililita 240, lakini unga usiuchote kwa kuushindilia. Upime kwa mizani: gramu 120 hadi 125 kwa kikombe. Sukari ni gramu 200, na kile kipande kimoja cha siagi wanachokitaja ni gramu 113. Nyuzi 350 za Fahrenheit ni 180 za Selsiasi, au 160 kama oveni yako ina feni. Painti ya Marekani ni mililita 473. Ya Uingereza ni 568, kwa hiyo ukipima kwa jagi la Uingereza umeshazidisha karibu mililita mia.

Unga uliokwisha kuchanganywa na bekingi poda: wa Marekani una chumvi, wa Uingereza hauna. Ongeza robo kijiko cha chai cha chumvi kwa kila kikombe.

Krimu inakatika kwa sababu ile nzito ya Uingereza, double cream, ina mafuta asilimia 48 hivi, wakati ya mapishi yako inaanzia 36. Ukiipiga kwa muda ulioandikwa unaelekea kwenye siagi. Nunua iliyoandikwa whipping cream.

SWALI: Kwa nini vichekesho vya Uingereza huwa na vipindi sita tu kwa msimu? Na DVD nilizotumiwa kutoka London zinakataa kucheza hapa Chicago.

JIBU: Uingereza ni kawaida mtu mmoja au wawili kuandika msimu mzima, na akili ya watu wawili ina kikomo. Marekani huweka chumba cha waandishi wengi, na stesheni kubwa ziliagiza vipindi 22 au zaidi kwa mwaka, zikilenga kufikisha kama 100 ili kipindi kiuzwe kwa marudio, ambako pesa nyingi hupatikana. Tazama The Office: ya BBC, iliyoanza 2001, ina vipindi 14 ukihesabu vile viwili vya Krismasi, ya NBC, 2005 hadi 2013, ina 201. Kwa maoni yetu ule ufupi ndio unaoipa ya BBC ukali wake, ingawa ya Marekani inawapa wahusika wadogo nafasi ya kukua.

Urefu nao hutofautiana. BBC haina matangazo ya biashara, kwa hiyo nusu saa yake hukaribia dakika 29; nusu saa ya stesheni ya Marekani hubakiwa na 22 hivi.

DVD hufungiwa eneo la dunia, linaloitwa kanda: zako ni za kanda ya 2, Marekani ni kanda ya 1. Tafuta deki ya kanda zote, tena ihakikishe inabadilisha PAL, mfumo wa picha wa Uingereza, kuwa NTSC ya Marekani, kwa kuwa televisheni nyingi za Marekani hazipokei picha ya hezi 50. Filamu ya dakika 120 ikionekana kuwa ya 115, haijakatwa; PAL huiendesha kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Diski za 4K hazina kanda kabisa.

SWALI: Daktari wa London aliniambia ninywe parasetamo. Duka la dawa la hapa Atlanta hawaijui.

JIBU: Waulize asetaminofeni, au Tylenol. Ni dawa ileile. Soma miligramu: Regular Strength ni 325, Extra Strength ni 500 kama kidonge cha Uingereza. Uingereza mtu mzima haruhusiwi kuzidi vidonge 8 vya 500 kwa saa 24; lebo ya Tylenol Extra Strength inasema 6, nawe fuata lebo iliyo mkononi mwako. Uingereza, tangu 1998, duka la kawaida huuza pakiti ya vidonge visivyozidi 16. Marekani utakuta chupa ya mamia, na chupa kubwa haimaanishi dawa ni nyepesi. Watu huumia ini kwa kunywa Tylenol, kisha NyQuil ya mafua juu yake, bila kujua kuwa nayo ina asetaminofeni. Uingereza ni vivyo hivyo kwa Lemsip, dawa ya mafua ya huko.