Barua kwa mwanangu: lile bango la ofisini kwenu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema ukiingia tu hapo benki unakutana na bango la Uadilifu na Mteja Kwanza, lakini kila Jumatatu meneja anauliza jambo moja: umefungua akaunti ngapi? Ukaniuliza, "Mama, niamini lipi?"

Amini swali la Jumatatu. Sisemi kwamba ni sawa. Nasema kampuni inachokuuliza kila wiki ndicho inachokitaka kweli. Bango halijawahi kumpandisha mtu cheo wala kumkata mshahara.

Hilo nililijua nikiwa na umri kama wako, mtunza stoo kwenye kiwanda cha mafuta ya kula. Getini paliandikwa kwa rangi ya kijani kwamba afya ya mlaji ndiyo fahari yetu. Mwaka mmoja mzigo ulidoda hadi tarehe ikapita. Tukapewa vitambaa na thina tufute tarehe kwenye madumu, kisha yapigwe mhuri mpya. Mzee mmoja aliweka kitambaa chini, akasema yeye ana wajukuu. Hawakumfukuza. Walimhamishia zamu ya usiku, wakamwacha huko mpaka akachoka, akaacha kazi mwenyewe. Sisi wengine tukaelewa.

Mimi nilifuta, mwanangu. Nilikuwa na mimba yako ya miezi saba, nikaogopa kukosa mshahara. Sijakuambia hili kabla ya leo. Nikisikia harufu ya thina hadi sasa, nayaona yale madumu yamepangwa, na wino wa bluu umenijaa vidoleni.

Kwa upande wa benki, soma habari za Wells Fargo ya Marekani. Walikuwa na kijitabu kizima cha maadili. Lakini matawini wafanyakazi walisukumwa wamuuzie kila mteja huduma nane, na asiyefikisha lengo alikuwa mashakani. Basi wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016, benki ilipotozwa faini ya dola milioni 185, akaunti hizo zilikadiriwa kufika milioni 2. Na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Hii namba ndiyo iliyoniuma, kwa sababu wengi wao walikuwa watu wa chini, watu kama wewe. Lengo liliwekwa juu, lakini saini zilikuwa za hao wa dirishani.

Sikwambii uache kazi. Ajira ni ngumu, na bado unamlipia mdogo wako ada. Ila usifungue akaunti hata moja bila mteja kuwa mbele yako, kitambulisho mkononi, asaini mwenyewe. Ukiambiwa "maliza tu, atasaini baadaye," omba agizo hilo kwa barua pepe. Omba kwa adabu. Mara nyingi anayeagiza kwa mdomo hapendi kuandika. Na uchunguze waliopandishwa vyeo mwaka jana, walisifiwa kwa lipi. Hapo utaijua ofisi yako kuliko semina yoyote.

Wakikuhamisha au wakikubana kwa sababu umekataa, nipigie siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mimi wakati ule sikuwa na wa kumpigia. Wewe unaye, na chumba chako sijakipangisha.

Mama yako