Ukimpeleka Rafiki Mombasa, Usimpeleke Mwaka wa 1998

Nilizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, na nikaishi huko mpaka nilipoolewa Kilifi mwaka wa 2009. Kutoka Kilifi hadi Mombasa ni kama kilomita 60, matatu moja tu, lakini walio karibu ndio hawaendi. Mimi huenda kwa mazishi, huenda kwa harusi, huenda kumuona mgonjwa, na jioni niko nyumbani kwangu. Kwenda kutembea tu, bila kuitwa na jambo, sikuwahi hadi mwezi wa saba uliopita.

Aliyenitoa ni rafiki yangu, mwalimu wa historia katika shule moja ya upili huku kwetu. Namwita Mwalimu, hata kwenye simu nimemwandika hivyo. Ni mtu wa Kitale, mwaka wake wa tatu huu pwani, na Mombasa alikuwa ameiona kwa dirisha la basi pekee. "Si wewe ni mwenyeji wa huko?" akaniambia. "Basi nipeleke." Hilo neno mwenyeji likanipanda kichwani. Usiku ule nikaketi nikaandika orodha ya mahali kumi na moja.

Wewe uliye na mji uliouhama, na rafiki anayetaka kuuona, usiandike orodha ya mahali kumi na moja.

Kwanza tumalize mambo ya safari, maana hayo niliyapata sawa. Tulikwenda Jumamosi. Ijumaa si siku mbaya, ila kuanzia saa sita hivi milango mingi ya Mji wa Kale hufungwa watu waende msikitini, na mgeni anaweza kudhani mji umekufa. Jumapili maduka mengi hayafunguliwi. Mwezi wa saba ni wakati wa kusi, upepo unavuma na jua lina huruma kidogo. Mtu wa Kitale ukimtembeza kwa miguu mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imepamba moto, saa sita utakuwa unamtafutia kivuli cha kulala. Mwezi wa nne na wa tano ni masika, mtaloa. Mwezi wa Ramadhani jioni zake hazina mfano, lakini mchana rafiki yako asiyefunga atashinda akijificha na chupa ya maji. Na tokeni alfajiri. Sisi saa kumi na mbili tulikuwa ndani ya matatu, na bado Mtwapa foleni ilitukalisha tukiyatazama malori ya mchanga.

Tulishuka barabara ya Abdel Nasser, tukanywa chai kwa mahamri na mbaazi za nazi. Mwalimu akala mahamri manne. Hadi hapo safari ilikuwa nzuri.

Kisha tukaanza kutembea, na mimi nikaanza kusema.

Hapa palikuwa na duka la kanda. Hapa palikuwa na mzee wa kashata. Hapa palikuwa na fundi wa saa, babangu akiniacha kwake akienda kuswali. Buxton kwa shangazi, nikamwambia, palikuwa na nyumba za zamani, zikabomolewa 2021, sasa ni maghorofa. Majengo ya mjini hayakuwa na rangi hii nyeupe na buluu, kaunti ndiyo iliyoamuru yapakwe 2018, zamani kila nyumba ilikuwa na yake. Mwalimu ni mtu mwenye adabu. Aliitikia, "Alaa. Kumbe. Aisee." Tulipofika Marikiti nilikuwa nimeshazika maiti kama kumi na tano.

Marikiti penyewe ni padogo kuliko sifa zake. Jina ni la Kiingereza lililolainishwa na ndimi zetu, soko lenyewe ni la mwaka wa 1914. Mimi nikasimama mlangoni kutafuta meza ya mama mmoja aliyekuwa akiuza iliki, nipate kumwonyesha Mwalimu. Hayupo, na meza haipo. Nikaanza kueleza jinsi alivyokuwa akipima. Mwalimu akaniwekea mkono begani.

"Dadangu," akasema, "tangu asubuhi unanionyesha visivyokuwepo. Nionyeshe na vilivyopo."

Niliona haya, na hasira kidogo. Nilitaka kumwambia kwamba bila ya vile visivyokuwepo hawezi kuujua mji huu. Nashukuru sikusema. Yeye alikuwa ameshaingia ndani, ananusa mdalasini, anabishana bei ya binzari kwa Kiswahili chake cha bara, na muuzaji anacheka na kumwongezea kiganja cha bure. Mimi kiganja cha bure sikuwahi kupewa pale miaka yote.

Ushauri wangu basi ni huu: jiwekee kipimo. Mimi niliapa kwamba kwa siku iliyobaki "palikuwa" ni tatu tu. Utashangaa unavyoanza kuzibania. Unapita mahali, neno liko kwenye ncha ya ulimi, unajiuliza hili lastahili moja ya tatu zangu? Mara nyingi halistahili.

Orodha niliitia mfukoni. Nikamuuliza Mwalimu anataka nini. Akataka vitu viwili ambavyo kwenye kumi na moja zangu havikuwamo: leso ya mamake, na kupanda feri.

Leso tulinunua Biashara Street. Hapa mwenyeji alifaa. Mgeni huangalia rangi, sisi tunasoma jina kwanza, yale maneno yaliyoandikwa chini. Mwalimu alikuwa ameshikilia moja nzuri, nyekundu na nyeusi, ya kumpelekea mama mkwe, na jina lake lilikuwa "Mdhaniaye ndiye siye". Nikamwambia aiweke chini polepole. Ukimpa mkweo leso hiyo mtakaa mwaka mzima mkitafutana maana. Ya mamake tukapata "Nani kama mama", haina fitina. Leso huuzwa mbili zimeungana, na mafundi wa cherehani wapo pale pale wa kukata na kukupindia ukingoja. Usibebe bila kupinda, nyumbani utaahirisha mpaka ichakae ikiwa kabatini.

Mwalimu akiwa anangoja akanifunza kitu. Leso ni neno la Kireno, akasema, lenço. Mimi niliyezaliwa nikafungwa leso, nikabebwa kwa leso, sikuwa najua.

Na ngomeni, Fort Jesus, ndiko alikonimaliza kabisa. Nimekulia nyuma ya ukuta ule. Nyanya yangu alikuwa akiiita gereza, kwa kuwa mpaka 1958 watu walifungwa mle. Mwalimu akasimama getini akaniambia hata gereza ni la Kireno, igreja, yaani kanisa, maana ndani ya ngome kulikuwa na kanisa. Nikacheka peke yangu. Nyanya alikuwa akisema kanisa miaka yote, na yeye alikuwa mtu wa tasbihi mkononi.

(Chukueni kitambulisho. Mkenya halipi sawa na mtalii wa nje, na bila kitambulisho utabishana bure pale dirishani.)

Wareno waliianza mwaka wa 1593, mchoro ni wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Hayo nilikuwa nayajua kutoka shule ya msingi, pamoja na kuzingirwa na Waomani kuanzia 1696 mpaka ikatekwa 1698. Nisichokijua ni habari ya Yusuf bin Hasan. Tuliketi kwenye kivuli, karibu na ile Nyumba ya Waomani inayotazama mlango wa bahari, Mwalimu akanisimulia kama anasimulia habari za jirani. Mtoto wa sultani wa Mombasa. Babake aliuawa 1614, mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na Wareno, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Akarudishwa 1626 aje atawale mji aliozaliwa, kwa jina lisilo lake na dini isiyo ya watu wake. Mwaka wa 1631 akaingia ngomeni, akamchoma kisu kapteni wa Kireno, akaiteka ngome, akarudi kwenye jina lake na dini yake. Mwaka uliofuata akaondoka kwa bahari na mji akauacha.

"Hakukaa?" nikauliza.

"Hakukaa."

Tulinyamaza kidogo. Nilikuwa nimepanga dakika ishirini za ngome, nimuonyeshe mizinga tupite. Tulikaa karibu saa mbili, na mtembezaji hakuwa mimi. Ukiwa na rafiki anayejua kitu kuhusu mji wako, muachie usukani. Wenyeji tunajua nani alikuwa akikaa wapi. Kwa nini mji uko ulivyo, hilo aghalabu anatwambia mtu wa nje.

Chakula cha mchana niliharibu mimi. Nilishikilia twende hoteli moja ya wali wa nazi na samaki wa kupaka niliyokuwa nikiifikiria tangu Mtwapa. Nikaingia uchochoro, nikatokea uchochoro, nikakata kona niliyoijua kwa macho kufumba, tukajikuta mbele ya ukuta. Ilibidi nimuulize kijana wa dukani, naye akanijibu polepole na kwa ishara za mikono, kama anavyomjibu mtalii! Hoteli yenyewe ilishafungwa, hajui lini. Saa tisa tulikuwa tumesimama kwenye karai la viazi na bhajia, tukila kwa ukwaju kwenye kipande cha gazeti, na vilikuwa vitamu kupita kiasi. Kuleni mnapoona watu wamejaa leo, mapema, kabla njaa haijawagombanisha.

Sasa nyumba. Utataka kwenda kuiona, usijidanganye kwamba hutataka. Nenda peke yako. Nilimwacha Mwalimu kwa muuza juisi nikamwambia robo saa. Sikutaka aone uso wangu, wala sikutaka kuanza "palikuwa" upya.

Nyumba haikuwa yetu, tulikuwa wapangaji, na tangu nyanya afe hakuna jamaa anayekaa mtaa ule. Mlango wa mbao ulishang'olewa, kuna wa chuma. Baraza ya mawe ipo. Alikuwa ameketi mtoto wa kike, kitabu cha hesabu mapajani, anahesabu kwa vidole. Sikubisha hodi. Ningesema nini? Nilikuwa nageuka kurudi, dirisha la nyumba ya pili likafunguka.

"Wewe si wa nyumba hii? Si mjukuu wa bi mkubwa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona huji kutuzuru? Mumeo yuwapi? Ndoo ndani ule."

Ndoo, yaani njoo. Miaka kumi na kitu nimekuwa nikisema njoo kama watu wa redioni. Robo saa ikawa dakika hamsini na sahani mbili za vibibi, na moja ya zile "palikuwa" zangu niliitumia mle ndani, kwa mtu ambaye alikuwa na zake nyingi kuliko mimi. Huko ndiko zinakotakiwa. Ukiwa na hamu ya kuomboleza mji, mtafute aliyekuwepo.

Niliporudi Mwalimu hakuwa amenuna. Alikuwa ameshajua majina ya watoto wa muuza juisi wote.

Tulichukua tuktuk hadi kivukoni. Kubalianeni bei kabla hujaketi, na ukiwa ulihama zamani, mwache rafiki aulize. Mimi nilitaja bei ya enzi zangu, dereva akatuona sote wawili ni wageni. Feri ya Likoni mwenye kwenda kwa miguu halipi. Mimi nilikuwa naichukia, nilivuka kila siku miaka miwili kwa kazi, jasho la watu mgongoni, simu mkononi usiiache (hilo halijabadilika). Mwalimu alivuka akarudi, akavuka tena akarudi, anatazama meli kubwa ikiingia Kilindini juu ya vichwa vya watu. Mara ya pili nikaacha kutazama saa, nikaitazama nayo.

Jua likiwa linashuka tulikuwa Mama Ngina, chini ya mibuyu, muhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu, dafu moja moja. Pametengenezwa upya, 2019. Kuna wanaolalamika. Watoto walikuwa wanakimbia kila upande. Palikuwa na mwangaza wa kutosha kumuona kila mtu, na hiyo palikuwa siihesabu.

Ya kurudi: ondokeni kisiwani kabla ya saa kumi au baada ya saa mbili usiku. Katikati ya hapo foleni ya daraja la Nyali itawakalisha. Sisi tuliondoka saa mbili na nusu, Mwalimu akalala begani kwangu mpaka daraja la Kilifi, leso ya mamake kaifumbata kifuani.

Mwezi ujao dadake anakuja kutoka Kitale, naye atampeleka Mombasa. Ameshapanga: Marikiti kwa yule wa binzari, ngomeni, karai la viazi, feri. Sikualikwa. Nimemwagiza achari ya ndimu.