Jibu: Kwa nini sura inakuwa ya kijivu ninapoongeza mwanga kwenye picha?

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini sura za maharusi uliowapiga kivulini hapa Mbeya zinakuwa za kijivu, kana kwamba wamepakwa majivu, kila unapoongeza mwanga, na kwa nini ukikoleza rangi ili kuziokoa zinageuka kuwa za machungwa. Nimehariri picha za watu kwa miaka mingi, Mbeya na Iringa, na kwa maoni yangu tatizo lako si uchache wa mwanga, bali ni rangi ya mwanga wenyewe.

Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai anga huwa safi kabisa. Mtu akisimama kivulini siku kama hiyo, hapigwi tena na jua bali na mwanga wa anga, ambao ni wa buluu: kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga ambacho namba ikipanda mwanga ni wa buluu zaidi, huvuka 7,000, wakati jua la mchana ni kama 5,500. Ngozi nyeusi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga unaoiingia, kwa hiyo mengi ambayo kamera inayaona kwenye paji la uso, pua na mashavu ni mng'ao wa juu tu, na mng'ao huo hubeba rangi ya kile kinachoangaza. Ukiongeza mwanga kabla ya kuuondoa ubuluu huo, unaukuza pamoja na sura, na buluu ikishaingia kwenye kahawia ndipo unapopata kijivu unachokilalamikia.

Kwa hiyo anza na uwiano wa rangi nyeupe (white balance), yaani kurekebisha rangi ya mwanga ili cheupe kionekane cheupe, hata kama picha bado ni nyeusi kiasi cha kukukera. Kama ulipiga kwa faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaibana wala kuihariri, kazi ni nyepesi, maana faili hilo lina ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga kwa kila rangi, kutegemea kamera, ilhali JPEG ina 256 tu na hukatika mapema unapoivuta. Sogeza kitelezi cha kelvini kuelekea umanjano polepole huku ukitazama mashavu, si gauni.

Hapo kwenye gauni niseme zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Programu inakupa kalamu ya kubonyeza kitu cheupe ili ijirekebishe yenyewe, na mtu hubonyeza shati la bwana harusi. Mashati meupe ya kwetu mara nyingi yamesuuzwa kwa bluu, na sabuni nyingi za unga zina kemikali zinazofanya kitambaa kitoe ubuluu kidogo kikipigwa na mwanga wa mchana. Ukibonyeza hapo, programu itaongeza umanjano kupita kiasi na sura zitaungua. Gauni la rangi ya maziwa hufanya kinyume chake. Kadi ya kijivu iliyoshikwa karibu na uso kwa picha moja ya kwanza, ukaibonyeza hiyo badala ya nguo, inamaliza ubishi wote huu.

Rangi ikishatulia, ndipo uongeze mwanga, lakini usivute kitelezi cha vivuli hadi mwisho. Kitelezi hicho huinua weusi wote kwa pamoja, na sura inapoteza umbo. Tumia mstari wa toni, ule wa mshazari unaopindwa kwa kuvutwa: inua katikati kidogo, kisha rudisha ncha ya chini mahali pake ili nywele na koti la suti vibaki vyeusi. Fanya hivyo kwa kuchagua uso peke yake. Ukiongeza mwangaza wa rangi ya machungwa kwa picha nzima, utaangaza pia udongo mwekundu na nyumba za tofali za kuchoma, kwa sababu zipo katika eneo lile lile la rangi na ngozi.

Picha za kwenye mashamba ya chai, Mufindi au Tukuyu, zina shida yake: majani hurudisha ukijani chini ya kidevu. Chagua eneo hilo tu, sogeza kuelekea uzambarau kidogo, basi.

Kuna wateja watakaokuomba uwafanye weupe. Mimi huwapa sura yenye nuru, na aliye maji ya kunde namwacha maji ya kunde, na mweusi namwacha mweusi. Katika picha ya familia, tofauti hiyo ndiyo inayofanya ndugu watambuane. Anayetaka zaidi ya hapo namwambia waziwazi kwamba sifanyi, na wachache sana wameondoka kwa sababu hiyo.

Mwisho, angalia kioo cha kompyuta yako. Kikiwa na mwanga mkali katika chumba chenye giza, utaona picha imetosha, nayo itatoka nyeusi kwenye karatasi. Zima pia ile hali ya usiku inayotia umanjano kwenye skrini, hifadhi kwa sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida), na kabla ya kusafisha oda nzima toa nakala moja ndogo, uitazame nje mchana badala ya chini ya taa ya dukani. Kama bado kijivu kinabaki, weka hapa picha moja ambayo haijahaririwa, useme ilipigwa saa ngapi na walisimama wapi, tuitazame pamoja.