Naomba baiskeli yako, mama

Swali lenu la wiki hii linauliza ni zawadi gani yenye magurudumu tuliyopewa utotoni na bado tunaikumbuka. Yangu ni baiskeli, Phoenix nyeusi ya kike, mwaka 1995, nikiwa darasa la tano.

Nyumbani ni Maswa, siku hizo mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Kwetu baiskeli ilikuja na pamba. Ukimwona mtu mwezi wa saba au wa nane anapita na baiskeli ambayo mabomba yake bado yamezungushiwa karatasi za kiwandani, unajua huyo kashapima pamba yake na kashalipwa. Karatasi zile hakuna aliyekuwa na haraka ya kuzibandua, nyingine zilikaa mpaka mvua za vuli zikazitoa zenyewe. Sisi watoto tulikuwa na ringi za kukimbiza kwa kijiti, na kaka zangu walijichongea baiskeli ya miti ya kuteremkia kilimani. Ya chuma ilikuwa ya wakubwa, tena wanaume.

Msimu ule kazi yangu ilikuwa kuchambua. Unakaa chini, pamba safi unaweka huku, fifi kule, ile yenye madoa na vijani vikavu, maana bei zake hazilingani. Kufika jioni vidole vimechanika. Baba alikuwa amenikatia matuta machache pembeni mwa shamba, akasema hayo ni yangu. Nilichukulia ni maneno tu ya kumpa mtoto moyo apalilie.

Baada ya malipo tuliongozana naye mnadani. Akanunua baiskeli ikiwa bado kwenye boksi, tukampelekea fundi. Yule mzee alisuka magurudumu mbele yangu, spoku moja moja, kisha akawa anazigonga kwa ukucha na kutega sikio, iliyolia vibaya anaikaza. Harufu ya grisi mpya ninayo puani hadi leo. Nilijua ni ya baba, ingawa nilishangaa kwa nini amechagua ya kike. Fundi alipoisimamisha kwenye stendi, baba akaniambia, "Mama, hebu piga kengele yako tuisikie."

Sikuipiga. Nililia.

Bibi hakufurahi. Mtoto wa kike juu ya baiskeli, alisema, mtaniharibia mjukuu. Baba hakubishana na mama yake, ila kesho yake alfajiri alinishikia keria nyuma ya nyumba, na nilipoangukia rundo la miti ya pamba iliyong'olewa, akaninyanyua tukaanza tena. Kodi ya baiskeli aliilipa yeye, kisha ile risiti akaifunga kwenye nailoni akanikabidhi niitunze, kwa kuwa mgambo walikuwa wanasimamisha watu njiani.

Lakini zawadi yenyewe hasa niliiona wiki iliyofuata. Baba mdogo alikuja kuazima baiskeli aende kusaga. Baba alikuwa amekaa pale pale uwanjani. Akamjibu, "Mwenyewe yule, muombe." Baba mdogo akacheka, akidhani ni utani. Baba hakucheka. Ikabidi mtu mzima anigeukie, mimi wa miaka 12, aniombe, nami nikampa kwa mikono miwili. Na baba naye, kila alipotaka kwenda mnadani, alikuja hadi jikoni akasema, "Naomba baiskeli yako, mama." Pesa alitoa yeye, na bado aliomba. Hata mara moja hakuichukua kimya kimya.

Sijawahi kukutana na binti mwingine wa rika langu kule kwetu aliyeombwa kitu na baba yake namna hiyo.

Nilipoondoka kwenda sekondari ya bweni niliiacha, na baba ndiye aliyeitunza. Matairi, siti, mnyororo, vyote vimebadilishwa mara nyingi. Fremu ni ile ile. Mwezi uliopita alinipigia simu. Binti wa kaka yangu ameanza kidato cha kwanza, shule iko mbali, anatembea. Akauliza kama naruhusu amwazime.

Nikamwambia ampe tu, iwe yake.

Akanyamaza kidogo. "Hapana," akasema, "hiyo mwambie wewe mwenyewe." Nikasikia anamwita mtoto aje achukue simu.