Wadogo zangu mnaoanza ufundi sola, ulizeni betri ya zamani inakwenda wapi

Kijana akitoka chuo cha ufundi cha VETA akija kwangu hapa Uyole, Mbeya, kujifunza kazi, haipiti wiki ataniuliza kama ni kweli paneli zina sumu. Paneli nyingi tunazofunga huku ni za silikoni. Kwa uzito, karibu robo tatu ni kioo, kisha plastiki na fremu ya alumini, na silikoni yenyewe ni kama asilimia 5 tu. Fedha ni gramu chache kwenye ile mistari myembamba usoni, na madini ya risasi kidogo yako kwenye lehemu. Wapo wateja watakaokwambia paneli zinamaliza madini adimu kama yale ya Ngualla, Songwe. Waelezeni kwa upole kwamba yale ni ya kutengenezea sumaku za mota za magari ya umeme na za mitambo ya upepo.

Zinakotoka ndiko kwenye maneno. Zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji, katika kila hatua, iko China. Silikoni nyingi imetoka Xinjiang, ambako huyeyushwa kwa umeme wa makaa ya mawe na kuna madai mazito ya watu kufanyishwa kazi kwa nguvu. Sheria ya Marekani ya kuzuia bidhaa za huko ilianza kutumika Juni 2022. Kwa fundi wa Mbeya jambo hili linaonekana Kariakoo: aina uliyofunga mwaka jana, mwaka huu haipo. Nakilini volti na ampea za kibandiko cha nyuma kabla hamjaipandisha paneli juu ya bati, ili ya kuongeza ije iendane. Na ikipasuka kwa mvua ya mawe, msiichome kutafuta shaba. Karatasi nyeupe ya nyuma mara nyingi ina florini, na moshi wake unaunguza mapafu.

Lakini kinachoninyima usingizi mimi ni betri ya maji, ile ya risasi na asidi inayotunza umeme wa paneli.

Miaka yangu ya mwanzo nilibadilisha betri mbili kwa mama mmoja Isyonje. Mnunuzi wa chuma chakavu alizitaka zikiwa tupu, kwa hiyo nikazipindua nyuma ya jiko, pembeni ya shamba lake la viazi. Udongo ulitoa povu, nikanawa mikono, nikaondoka. Msimu uliofuata alinipigia: "Fundi, mbona pale nyuma hapaoti kitu?" Nilikwenda na magadi nikamwaga, nikaamini nimetibu. Magadi yanaua asidi, ni kweli. Risasi iliyoyeyuka ndani ya ile asidi haiondoki. Imebaki palepale, na wajukuu wake wanacheza palepale. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, inaharibu ubongo. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliugua kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kwa hiyo mkiingia kazini, betri iliyokufa isimamisheni wima, vifuniko vikiwa vimekazwa, ncha zake mzifunge tepu. Iwekeni kwenye beseni la plastiki hata kama safari ni ya bodaboda mpaka stendi. Mnunuzi akisema "mwaga kwanza maji yake", huyo si wa kufanya naye biashara. Muulizeni kibali cha taka hatarishi cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mwenye nacho hukitoa bila kununa. Bei anayowalipa kwa betri huwa chini kidogo, na hiyo tofauti iingizeni kwenye gharama ya kazi tangu siku ya makadirio, mkimweleza mteja kwa nini. Wateja wengi wa huku ni wakulima. Ukimwambia habari ya udongo wake, anakuelewa upesi.

Daftari langu la kazi zamani lilikuwa na jina la mteja, wati na malipo. Sasa lina mstari mmoja zaidi: betri ya zamani amepokea nani, tarehe gani. Mstari huo ukiwa mtupu, sihesabu kazi hiyo kuwa imekwisha.